Fuatilia kichipukizi cha mbegu kwa macho yako: maharage, mahindi na mbaazi kwenye glasi, hatua kwa hatua

Ukimuuliza mtu mbegu ikiota kinaanza kutoka nini, wengi watasema jani, mana jani ndo analoliona asubuhi akipita bustanini. Kumbe mzizi ndo unatangulia, siku mbili tatu kabla, na hilo jani lenyewe wala halikutengenezwa pale kwenye udongo, lilishakuwepo humo ndani tangu mbegu iko kwenye mmea mama, limekunjwa dogo sana linasubiri maji. Hicho kipande kilichobeba majani ya mwanzo pamoja na ncha inayokua ndo nitakiita kichipukizi, watu wa bailojia wanakiita plumula. Hapa nakuonyesha namna ya kukifuatilia siku baada ya siku nyumbani, bila maabara wala nini, afu uende shambani ukiwa unajua kinakaa wapi.

Kwanini ujue kinakaa wapi? Msimu mmoja wa masika nilipanda maharage na mahindi siku moja, shamba moja, mtu anachimba mashimo kwa jembe mbele mimi nafukia nyuma, kina ni cha kubahatisha tu, mengine sentimita nane mengine kumi. Usiku wa pili ikapiga mvua ya kufa mtu, likafuata jua la siku tano, na udongo wangu ni wa mfinyanzi kwahiyo juu ukaganda kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Mahindi yakatoka, yamechelewa kidogo ila yametoka, yametoboa ule ukoko kama sindano. Maharage sasa, unakuta shimo hili lipo, matano yanayofuata hamna kitu. Nikafukua na kijiti. Hayakuoza, na panya hakupita, yalikuwa yameota vizuri kabisa, shingo nene nyeupe imejikunja chini ya ukoko, mengine shingo imekatika kichwa kimebaki chini. Nikajiuliza, wamepandwa siku moja, kwa kina kilekile cha kubahatisha, kwanini huyu apite huyu akwame? Nilichokuja kugundua baadae kwenye glasi ndo hiki.

Vitu vya kuandaa

Glasi tatu za kuonyesha ndani, au chupa za jam zilizooshwa. Tishu ya jikoni, gazeti nalo linafaa. Wembe mpya. Kachupa ka iodini ile ya dukani ya kupaka vidonda. Chupa mbili za plastiki za maji za lita moja na nusu, udongo wa kuzijaza, kipande cha foili, maka peni. Na mbegu: maharage, mahindi, mbaazi, kama 20 kila aina. Ukikosa mbaazi chukua njugu mawe.

Hatua ya 1: mbegu zenyewe

Chukua za kula, za sokoni au za ghalani kwako, sio zile za pakiti zilizopakwa rangi ya waridi au ya kijani. Ile rangi ni alama kwamba mbegu ina dawa ya ukungu na ya wadudu, na hapa utakuwa unamenya kwa kucha, unapasua kwa wembe na watoto wako pembeni, kwahiyo achana nazo. Toa yenye matundu. Harage lenye tundu la mdudu linaweza kuota bado kama mdudu hakugusa kiini, yaani kile kimche kidogo kilichomo ndani ya mbegu, ila kwa kazi hii hatutaki kubahatisha.

Hatua ya 2: loweka usiku, pasua asubuhi

Hapa usiparuke, hii ndo hatua tamu kuliko zote. Loweka masaa nane mpaka kumi na mbili, isizidi sana, mana mbegu inapumua na ikikaa majini siku mbili inakosa hewa inakufa. Asubuhi utaona harage limevimba na ngozi imelegea. Limenye. Zinabaki nusu mbili nene, ndo kotiledoni, ghala la chakula. Zitenganishe taratibu kwa kucha ukianzia upande wa mgongo, usianzie pale penye kovu jeupe, ukianzia kwenye kovu utavunja kiini. Nusu moja itatoka peke yake na nyingine itabaki na kitu kidogo kimeng'ang'ania pembeni. Kiweke kwenye mwanga.

Mpwa wangu yuko darasa la tano, nilimpa aangalie kwa ile lensi ya kukuzia, akanyamaza, afu akaniambia "Mjomba, haya si majani kabisa haya?" Nikamwambia ndo yenyewe. Akauliza tena "na mistari inayo?" Inayo. Ni vijani viwili rangi ya maziwa, vimelaliana kama mikono ya mtu anayeomba dua, na mishipa yake inaonekana. Hivo vijani viwili ndo vitakavyokuja kuwa yale majani mawili ya kwanza ya harage yenye umbo la moyo, unayajua, yale yasiyogawanyika. Majani ya vidole vitatu yanaanza baada ya hayo. Chini ya vijani kuna kijiti kifupi kinaelekea nje kimechongoka, ndo shingo na mzizi wake.

Sasa hindi. Hindi halina nusu mbili, usihangaike kuligawa. Lilaze lile bonde jeupe likutazame juu, bonde hilo ndo kiini, weka wembe katikati yake ukate kwa urefu kutoka kwenye ncha iliyokaa kwenye gunzi mpaka juu. Dondoshea tone la iodini upande uliokatwa, subiri dakika moja. Sehemu kubwa itageuka bluu nyeusi, hiyo ni wanga, na kiini kitabaki rangi ya iodini yenyewe, njano kahawia, mana chenyewe kimejaa zaidi mafuta na protini. Ndani ya kiini tafuta mstari mdogo unaoelekea juu, kwenye sehemu pana ya hindi. Ndo kichipukizi chake. Huwezi kuyaona majani kwa macho lakini yamo, kama matano hivi, yamevishana moja ndani ya jingine kama nguo za mtu wa Makete asubuhi ya mwezi wa saba, na juu yake yote kuna ala moja isiyo na rangi, ngumu kidogo, imeyafunika mpaka ncha. Ala hiyo inaitwa koleoptili. Ikumbuke, tutairudia.

Hatua ya 3: panga kwenye glasi

Zungushia tishu iliyoloa ukutani kwa ndani ya glasi, katikati jaza tishu nyingine au pamba isukume ile ya ukutani isidondoke, afu chomeka mbegu kati ya kioo na tishu ili uzione. Glasi ya maharage, glasi ya mahindi, glasi ya mbaazi. Kwa mahindi weka mengine kichwa juu mengine kichwa chini makusudi. Maji yawe chini kidogo tu kama kidole kimoja, yasifike kwenye mbegu, tishu itayanyonya yenyewe. Funika glasi na kitambaa cheusi au ziweke kabatini, mana chini ya udongo kuna giza na sisi tunataka kuona kinachotokea gizani.

Andika tarehe na maka peni. Utajiambia utakumbuka, hautakumbuka.

Hatua ya 4: siku ya kwanza mpaka ya tatu, mzizi

Hapa kichipukizi kinaonekana kama kimelala. Hindi linanyonya maji kama asilimia 30 ya uzito wake ndo linaamka, soya inataka kama nusu ya uzito wake, ndo mana mbegu za jamii ya kunde zikipandwa kwenye unyevu kidogo zinakwama njiani. Mzizi unatoka kwanza, na hata yale mahindi uliyoyageuza utaona mzizi wake unakunja kona unarudi chini. Mwambie mtoto achore.

Ila ndani kazi inaendelea. Kwenye hindi kiini kinatuma homoni inaitwa jiberelini kwenda kwenye tabaka jembamba lililozunguka wanga, tabaka linajibu kwa kutoa vimeng'enya, vimeng'enya vinakata wanga kuwa sukari, sukari ndo inakwenda kulisha kichipukizi. Ukitaka ushahidi toa hindi moja siku ya nne ulitafune, utasikia utamu ambao jana yake haukuwepo. Wanaotengeneza kimea wanaijua hii miaka yote, ndo mana ukitia unga wa kimea kidogo kwenye uji mzito wa mtoto unalainika mbele ya macho yako, ni vimeng'enya vilevile vinaendelea na kazi yao jikoni.

Hatua ya 5: harage linavyobeba kichwa chake

Kuanzia siku ya nne hivi, kama kuna joto, angalia glasi ya maharage. Utategemea vile vijani viwili vitachomoka vyenyewe kutoka kati ya nusu mbili viende juu. Wala. Kinachorefuka ni shingo, ile sehemu kati ya mzizi na kotiledoni, na hairefuki ikiwa imenyooka, inajikunja kama mpini wa mwamvuli. Mgongo wa mkunjo ndo unaenda mbele unasukuma udongo, na nyuma yake unavuta mzigo mzima, nusu zote mbili za harage, na katikati ya hizo nusu ndo kichipukizi kimejificha kama mtoto kwenye mbeleko. Kwahiyo kichipukizi cha harage chenyewe hakisukumi udongo hata kidogo, kinabebwa. Ukifikiria ni akili sana, mana vile vijani vingeburuzwa kwenye mchanga vikiwa vimetangulia vingechanika vyote.

Mkunjo unashikiliwa na gesi inaitwa etilini, ni ileile inayoivisha ndizi ukizifunika kwenye pipa. Udongo ukiwa mgumu mmea unatoa etilini zaidi, shingo inakuwa nene zaidi na mkunjo unakaza zaidi. Ndo zile shingo nene nilizozifukua mimi. Yalikuwa yanapigana na ukoko, kila yakikwama yananenepa, na ukubwa wa mzigo yanaovuta ni harage zima, sio ncha ya sindano.

Kunde, choroko, alizeti na maboga yanafanya hivihivi, yanapandisha ghala lake juu. Boga utaliona mara nyingine limetoka limevaa ganda la mbegu kama kofia halitaki kuvuka, inatokea sana ukipanda juujuu mno au udongo ukikauka, ganda linakosa kitu cha kulishikilia chini wakati majani yanavutwa. Loanisha ganda kwa maji, subiri, livue taratibu. Usivute likiwa kavu, utalitoa na kichwa.

Hatua ya 6: hindi linavyotoboa

Hamia glasi ya mahindi. Upande wa juu wa kiini kinatoka kitu cheupe kimechongoka kama mwiba wa nungu, hakijajikunja popote. Usikiite jani bado, hiyo ni ala, ile koleoptili ya hatua ya 2, na majani yako ndani yamevingirishwa. Hindi lenyewe, yaani ghala, linabaki palepale chini halibebwi na mtu. Kwahiyo kinachosukuma udongo ni ncha moja nyembamba ngumu, hicho tu, na hapo ndo nikapata jibu la shamba langu.

Ila ala yenyewe haiwezi kurefuka bila mwisho. Chini yake, kati ya mbegu na ala, kuna kijiti cheupe kinaitwa mesokotili, hicho ndo kinaipandisha lifti. Kikiwa gizani kinarefuka, ncha ya ala ikipata mwanga karibu na uso wa udongo kinapewa taarifa ya kusimama. Matokeo yake, upande sentimita tano au upande nane, ile mizizi ya kudumu ya hindi inaanzia karibu palepale, kama sentimita mbili chini ya uso wa udongo. Usiniamini mimi, ng'oa miche miwili ya kina tofauti uilaze pembeni pembeni.

Watu wa Hopi kule Arizona, Marekani, wanapanda mahindi yao sentimita 15 na zaidi kufuata unyevu kwenye jangwa, na mahindi yao yana mesokotili ndefu kupita kawaida. Ya kwetu usiyajaribishe hivo, ala ikifika mwisho wa urefu wake kabla ya kufika juu, majani yanaichana yanafunguka humohumo chini ya udongo yakiwa ya njano yamejikunjakunja kama tambi. Inatokea pia pale udongo ukiwa na mabonge na nyufa, mwanga unapenya chini, ala inadhani imeshafika.

Hatua ya 7: mbaazi, ndugu wa harage asiyefuata ukoo

Hii ndo ilinishangaza mimi binafsi. Mbaazi ni jamii moja na harage, nusu mbili vilevile, ukimenya unaona kichipukizi vilevile, nikajua itabeba kichwa chake juu kama ndugu yake. Haibebi. Nusu zinabaki chini ya udongo, na kinachorefuka ni kijiti cha juu ya kotiledoni, kinakipeleka kichipukizi juu peke yake kimeinamisha kichwa. Njugu mawe na dengu ziko kundi hilohilo. Karanga iko katikati, haieleweki, ghala lake linaishia usawa wa udongo hapo.

Na kama uko pwani una mfano mkubwa kuliko yote umelala nyuma ya nyumba: nazi. Kiini cha nazi ni kidogo kama punje, kiko chini ya lile jicho moja laini kati ya yale matatu. Kikianza kuota kichipukizi kinatoka nje kupitia jicho na kupasua makumbi, na kwa ndani kinaota joya, lile donge laini la sponji watoto wanaligombania. Joya ndo kotiledoni ya nazi, imevimba inanyonya nyama na maji ya nazi inapeleka kwa kichipukizi. Kwahiyo ukila joya umekula mdomo wa mche, ndo mana nazi ya kupanda haipasuliwi kuangalia imefikia wapi.

Hatua ya 8: jaribio la kina kwenye chupa

Kata mdomo wa chupa mbili za plastiki, toboa matundu chini, jaza udongo wa shambani kwako, sio mboji nzuri ya kununua, tunataka ukweli. Chupa moja maharage, nyingine mahindi. Panda mbegu zikigusa ukuta wa chupa uzione, kina cha sentimita 2, 5, 10 na 14, piga alama kwa maka. Zungushia gazeti kwa nje kuweka giza, funua mara moja kwa siku uangalie dakika moja ufunge.

Mimi ya kwangu maharage ya 2 na 5 yalitoka vizuri, ya 10 likatoka moja kati ya matatu limechoka kotiledoni zimeshanyauka, ya 14 sikuliona. Mahindi ya 10 yalitoka yote ila siku tatu nyuma ya wenzake na membamba, ya 14 likatoka moja. Udongo wa kichanga ungenipa namba nyingine, ndo mana nakwambia tumia wako. Kwa kawaida hindi sentimita 5 linatosha, harage 3 mpaka 5, na kama udongo wako unaganda kaa upande wa 3.

Siku nazo zinategemea joto. Morogoro au Tanga kwenye joto hindi linatoka siku ya tano au sita, Njombe kipindi cha baridi subiri hata siku kumi na zaidi kabla hujaanza kumlaumu aliyekuuzia mbegu.

Hatua ya 9: wape mwanga

Toa glasi gizani. Mimea iliyokaa kabatini itakuwa mirefu, ya njano, imelegea, na harage bado limeinamisha shingo hata kama limeshapita mdomo wa glasi, linadhani liko chini ya udongo. Weka dirishani asubuhi. Jioni utakuta mkunjo umeanza kunyooka, kotiledoni zinaachana, vile vijani viwili vinafunguka na rangi ya kijani inaingia, mana klorofili inahitaji mwanga kukamilika. Hapa mpwa alikaa na simu akapiga picha kila nusu saa, kazi ya shule ikaisha yenyewe.

Kwa mahindi kuna mchezo mwingine. Chukua matatu ambayo bado yako kwenye ala haijapasuka, moja livalishe kofia ndogo ya foili kwenye ncha, jingine lizungushie foili chini liache ncha wazi, la tatu liache hivohivo. Weka kwenye boksi lenye tundu upande mmoja tu. Yenye ncha wazi yatainama kufuata tundu, yenye kofia litasimama wima halijui kitu. Charles Darwin na mwanae Francis walifanya hivi na miche ya nyasi, wakachapisha mwaka 1880, na kuanzia hapo ndo watu wakaja kuijua homoni ya oksini, inayotengenezwa nchani na kushuka chini kukunja shina. Ncha inaona, sehemu ya chini ndo inapinda.

Hatua ya 10: kata, uone nani anarudi

Mwisho panda michache kwenye kopo la udongo, ikifikisha wiki moja juu chukua mkasi. Hindi likate usawa wa udongo kabisa. Harage moja likate juu ya kotiledoni, jingine likate chini ya kotiledoni. Mbaazi ikate usawa wa udongo. Subiri siku tano.

Hindi linarudi, katikati ya kisiki linachomoza jani jipya limekatwa ncha, kwasababu ile ncha inayokua bado iko chini ya udongo, na itakaa huko mpaka hindi lifikishe kama majani sita yaliyokomaa. Ndo mana mbuzi akipita kwenye mahindi machanga using'oe kwa hasira, subiri kwanza. Sota, yule funza anayekata miche, ni habari nyingine, akikata chini ya ile ncha hakuna kitakachorudi. Harage lililokatwa juu ya kotiledoni linajaribu, vichipukizi vya akiba vinatoka pale kotiledoni zinaposhikana na shina. Lililokatwa chini limekufa, kila kitu chake kilikuwa juu. Mbaazi inarudi, akiba yake iko chini ya udongo pamoja na ghala.

Ukirudi shambani

Ukoko ukitokea baada ya mvua usisubiri siku ya nane. Siku ya nne au ya tano fukua shimo moja uone mkunjo umefika wapi, kama bado uko chini pitisha tawi lenye miiba au reki nyepesi juujuu uvunje ukoko, au nyunyizia maji jioni ulainike. Mkunjo ukishakaribia uso usipitishe chochote, utakata shingo mwenyewe. Matandazo mepesi yanazuia ukoko usitokee, mazito yanazuia harage lisitokee.

Kuna kosa jingine linafanyika miezi mingi kabla ya kupanda, kwenye kupura. Harage lililokauka sana likipigwa fimbo kwenye sakafu ya saruji halipasuki nje, linavunjika ndani, kichipukizi kinakatika na wewe unaona mbegu nzima inang'aa. Likipandwa linaota vizuri tu, mzizi, shingo, kotiledoni hizo juu, halafu katikati hamna kitu, upara. Nilikuwa na mstari mzima wa hao, nikadhani ni konokono wamekula, nikamwaga mpaka majivu. Siku hizi mbegu yangu napura ndani ya gunia, juu ya udongo, kabla haijawa kavu ya kulia kama kokoto, na nyingine namenya kwa mkono usiku tukiwa tunaongea.

Kwahiyo ukipima uotaji kabla ya msimu, ile ya mbegu 100 kwenye kitambaa kilicholoa, usihesabu vilivyotoa mzizi ukakimbilia kusema 95 zimeota. Mahindi yaache mpaka siku ya 7, maharage siku ya 9, ndo siku za mwisho za kuhesabu hata maabara za mbegu wanazotumia, afu fungua kotiledoni moja moja kwa kidole. Yenye vijani viwili vizima weka kulia. Yenye upara weka kushoto, hizo hesabu kama hazijaota.